Maziwa Niliyoyamwaga

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa ukaguzi wa maziwa katika soko la Goma. Serikali ya Wabelgiji ilitaka maziwa yapimwe kabla ya kuuzwa, na kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari. Nilikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama kupita kiasi, maziwa yametiwa maji. Lakini kipimo huzama pia maziwa yakiwa ya moto, kwa hiyo sheria ilidai nipime joto kwanza.

Kipimajoto nilikivunja wiki yangu ya pili. Nilimwogopa mkubwa wangu, Mzungu, nikanyamaza. Kila asubuhi, kwenye nafasi ya joto, niliandika digrii kumi na tano, joto la maziwa yaliyopoa.

Wauzaji wengi walitoka mbali, maziwa yakafika yamepoa, na uongo wangu haukuonekana. Kisha mzee mmoja akahamishia ng'ombe wake Kanyaruchinya, karibu na mji. Siku yake ya kwanza sokoni, kipimo kilizama.

"Muzee, umetia maji."

Kwa wafugaji wa kwetu, anayetia maji katika maziwa ni mwizi. Hata ng'ombe wake hawapokelewi tena kwa mahari.

"Mutoto yangu, maji ya nini? Nimetoka kukamua sasa hivi. Gusa, ingali moto."

"Muzee," mama mmoja mnunuzi akadakia, "ng'ombe zako zimekunywa Ziwa Kivu yote, samaki zitakaa wapi?"

Soko zima likacheka. Niligusa chombo. Kilikuwa na joto kama shavu la mtu. Nilijua papo hapo kwamba mzee anasema kweli. Nikayamwaga maziwa yake juu ya mawe meusi, mbele ya watu wote.

Mchana alikuja ofisini kujitetea, kofia mkononi. Mkubwa wangu alisoma karatasi yangu ya vipimo, akaniuliza swali moja tu: "Joto ulipima?"

"Ndiyo, Bwana."

Kibali cha mzee cha kuuza maziwa kikafutwa. Aliponipita mlangoni hakunitukana. Aliniaga kwa heshima, "Papa karani, ubaki muzuri."

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo na kupewa masoko matatu. Nilisifiwa kwa ukali wangu. Siku moja nilipanda baiskeli hadi Kanyaruchinya, nikiwa nimejipanga kumwambia mzee yule ukweli, kisha nikauseme ofisini. Zizi lilikuwa limeota majani. Jirani mmoja alikuwa akipalilia maharagwe, nikamuuliza mzee yuko wapi.

"Ule wa maji?" akasema. "Alipanda milimani, Masisi, na bibi yake. Mukwe, baba ya muchumba wa mutoto wake, alirudisha ng'ombe za mahari zote, alisema hataki ng'ombe za mwizi. Na ule mutoto wa kiume hajaoa mpaka leo. Ulikuwa unamutafuta kwa nini?"

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Ningeweza kuanza na yeye.

"Nilikuwa napita tu," nikasema, nikageuza baiskeli.