Dubu Hana Buibui

Ukitaka kumwona Bi Salme amenuna, mwambie, "Wewe si mpiga picha? Hebu tuonyeshe picha zako." Hana hata moja. Miaka kumi na minane amepiga picha harusi za wanawake wa pwani, kuanzia Temple Hills hadi Takoma Park, huko Maryland, Marekani. Siku ya kupamba bibi harusi, wanawake watupu, mabuibui yakishavuliwa na simu kukusanywa mlangoni, kamera inayobaki ndani ni yake tu. Shughuli ikiisha humkabidhi mama wa bibi harusi picha zote, kisha hufuta zake. Amana ni amana. Lakini ilimuuma kuwa fundi asiyejulikana.

Basi kiangazi kilichopita, shule zilipofungwa na basi la wanafunzi analoliendesha Riverdale Park likapumzika, akafunga safari hadi Alaska kupiga picha dubu wa kahawia.

"Dubu hana buibui," alimwambia bintiye, Nuha. "Nani atanikataza kumwonyesha?"

Huko dubu walisongamana kwenye maporomoko wakivua samaki, na watalii wakafyatua kamera bila kupumzika. Bi Salme akangoja. Harusini amezoea kungoja hadi bibi harusi achomoke katika vurugu za mashangazi na maua. Siku ya tatu dubu jike mmoja akajitenga, akasimama kwenye maji matulivu, nyuma yake ukungu mtupu. Bi Salme akampiga picha moja, basi.

Maonyesho ya picha katika ukumbi wa mtaa Takoma Park yalimpa nafasi ya picha moja. Nuha akachagua ya dubu saba na maporomoko yao, aliyoipiga mama yake alipofika tu.

"Mama, that one is so empty," akasema juu ya ile nyingine.

"Si tupu. Nimemwachia nafasi ya kupumua."

Akatundika yake. Saa mbili nzima watu wakaitupia jicho na kupita, wakaenda kujazana kwenye picha za machweo. Sikio la kufa halisikii dawa, akajisemea, moyo umemshuka.

Ndipo akaingia Safa, bibi harusi ambaye Bi Salme alimpiga picha miaka tisa nyuma, kabla hajahamia Virginia. Safa hakujua kama Bi Salme yumo. Akasimama mbele ya dubu, kisha akaanza kuangaza macho ukumbi mzima hadi akamwona.

"Nimejua tu uko humu! Hii ni yako, Bi Salme, sihitaji kusoma jina. Ndivyo ulivyonipiga mimi. Ile yangu iko chumbani, haijaonwa na mtu ila mume wangu."

Bi Salme akataka kusema alhamdulillahi, machozi yakamtangulia.