Sabuni Kwenye Kibuyu cha Kogo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni wa wiki tatu apewe nini, tena akiwa mjukuu kutoka Nakuru ambaye akishika jembe anataka kwanza kupigwa picha nalo.

Swali hilo lilimkaa Chepkosgei kichwani tangu Jumamosi ya kwanza ya Agosti, siku ambayo bintiye Jepkemei aliwaleta watoto wake wawili pale Keringet, akanywa chai nusu kikombe, akageuza kurudi mjini kabla mvua haijaharibu barabara. Winrose alikuwa na miaka kumi na miwili, Travis minane. Walikuja na begi la nguo, simu moja kuukuu, na kitabu kinene cha kazi za likizo ambacho kila ukurasa ulikuwa na mstari wa mzazi kutia sahihi.

"Mum, hawa wasikae tu bure," Jepkemei alisema akiwa tayari amekaa kwa pikipiki. "Wacheze, lakini wakicheza wawe wanajifunza kitu. Ndiyo shule inataka siku hizi. Fomu ya camp ya Desemba niko nayo kwa mkoba. Huko kuna swimming, kuna kompyuta, kila kitu. Nikipata hapa walikuwa wanaangalia simu tu, Desemba nawapeleka huko."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Chepkosgei aliingia ndani na maneno hayo yakaingia naye. Miaka minne ilikuwa imepita tangu mumewe Kipngeno azikwe nyuma ya boma, na nyumba ile sasa ilikuwa na sauti mbili tu, ya redio na ya mvua kwenye mabati. Likizo ndizo zilizoleta sauti nyingine. Desemba ikienda camp, Aprili nayo itafuata, halafu watoto watakuwa wakubwa na hawatakuja tena.

Na bado, tusidanganyane, mama huyu alikuwa amechoka. Alikuwa amepikia shule ya msingi githeri kwa miaka ishirini na miwili, katika sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Kazi hiyo ilimwachia macho yanayotoka machozi bila kilio na magoti yanayojua mvua itanyesha kabla ya mawingu kujua. Alipostaafu alijiahidi kupumzika, na mapumziko yenyewe yakawa ng'ombe mmoja, robo ekari ya viazi, na wajukuu kila shule ikifungwa.

Alianza na viazi. Aliwamwagia watoto magunia mawili kwenye turubai, akawaambia watenge vya mbegu, vya sokoni na vya kuchemsha. Winrose alivipanga vikawa grafu chini kama ile ya darasani, Travis akahesabu kwa makumi. Shughuli hiyo ilidumu saa moja na kidogo. Baada ya hapo viazi vilianza kuruka hewani, na kimoja kilimpata jogoo.

Siku iliyofuata akatoa kamba ya kufungia ng'ombe, Travis akaruka huku bibi akiimba jedwali la saba. Hapo ndipo watoto waligundua jambo lililowashangaza. Kogo, kama walivyomwita kwa Kikipsigis, alijua majedwali yote hadi kumi na mbili mara kumi na mbili, wala hakosei, lakini hakuweza kuandika hamsini na sita.

"Kogo, sasa hizi ulijulia wapi?" Travis aliuliza, amekata pumzi.

"Kwa ukuta. Jikoni ya shule ilikuwa imeshikana na class four. Miaka ishirini na mbili nilisikia hiyo kelele. Hata kama ni sufuria ingeshika."

Yeye mwenyewe alikuwa ameacha shule darasa la tatu, ndama walipohitaji mtu wa kuwachunga. Winrose alimshika mkono akamwonyesha tano na sita kwenye vumbi. Kogo aliandika mara nne, akachoka, akasema maziwa yanachemka, ingawa hayakuwa hata jikoni.

Kilichomtisha zaidi ni swali la jioni. Kila wakimaliza kula, Travis angelamba sahani, amtazame, na kuuliza, "Kesho tutafanya nini, Kogo?" Aliuliza bila hila yoyote, kwa imani tu kwamba bibi ana kisima cha mambo ya kufanya. Chepkosgei angejibu, "Utaona," kisha aende kitandani akiwa hajui ataona nini yeye mwenyewe. Alikuwa anahesabu siku zilizobaki. Alijionea haya kwa kuzihesabu, na hakuacha.

Alhamisi ya kwanza alienda mkutano wa akina mama wa kanisa, akawaacha watoto na uji na onyo kuhusu ng'ombe. Aliporudi saa tisa, uwanja ulikuwa umefagiwa, vikombe vimeanikwa, na Winrose amesimama mlangoni akitabasamu huku mikono yake imekunjamana kwa maji. Juu ya mawe, kwenye jua dogo la Agosti, kulikuwa na kibuyu kimefunguliwa mdomo, na mdomoni mlikuwa na povu.

Kibuyu cha mursik hakioshwi kwa sabuni. Mtoto yeyote wa Keringet anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Ndani yake hupakwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, yakakaa siku kadhaa mpaka yakaganda na kuwa na ladha ambayo mtu akiwa mbali huiota. Kikishatumika huoshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa na kijiti, basi. Kibuyu hunywa kila unachokiwekea, na kilichokunywa hakitoki kesho.

Hiki kilikuwa kimekunywa zaidi ya miaka arobaini na mitatu ya mkaa na maziwa. Mama yake Chepkosgei alimpa siku alipoolewa, kikiwa tayari kizee. Mama alikufa bila kuacha hata picha moja. Kilichobaki cha kwake duniani ni harufu iliyokuwa mle ndani.

"Ilikuwa chafu sana, Kogo," Winrose alisema. "Ndani yote ilikuwa nyeusi. Nimeweka mawe na sabuni ya unga nikashake mpaka mikono ikauma. Mara tatu. Sasa iko clean."

Chepkosgei alikichukua, akanusa. Kilinukia maua ya kiwandani, kama shuka za hoteli. Alikirudisha juu ya jiwe polepole, akaenda akakaa kwenye gogo karibu na zizi, akaipa nyumba mgongo. Machozi aliyasingizia moshi, lakini zizini hapakuwa na moshi. Alikuwa na hasira, na hakuwa na nguvu ya kuibeba, na hilo likazidi kumkasirisha.

Winrose alikuja baada ya muda mrefu. Mtu alikuwa amemweleza kosa lake, pengine jirani, kwa maana uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Mum alisema tukusaidie juu umechoka," alisema. "Nilitaka tu urudi upate umefanyiwa kazi."

Maji yakimwagika hayazoleki, bibi alijiambia, na sabuni je? Usiku mzima aligeuka kitandani na swali hilo. Asubuhi aliwaamsha watoto mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Travis, uliniuliza leo tutafanya nini. Tutatoa sabuni kwa kibuyu. Winrose, leta kitabu."

Siku tatu walisuuza. Travis alitia mawe madogo na maji ya moto, akatikisa mara mia kwa kila raundi akihesabu kwa sauti hadi kuku wakazoea. Kila raundi wote watatu walinusa, kila mmoja akatoa alama ya sabuni kutoka sifuri hadi kumi, na Winrose akachora jedwali la siku, raundi, alama za kila mtu. Mwanzo ilikuwa tisa, tisa, kumi. Kumi ilikuwa ya Kogo. Siku ya tatu jioni ilifika tatu, mbili, nne, na wakabishana juu ya ile nne mpaka chakula kikaungua.

Kisha wakaenda kwenye ua kutafuta senetwet, mti wenye maua ya manjano, wakakata tawi, wakalikausha juu ya meko. Chepkosgei alilichoma, akatia kaa ndani ya kibuyu na kuliponda kwa kijiti, akizungusha mkono kama mama yake alivyozungusha. Winrose aliuliza kwa nini mkaa hauharibu maziwa, na kwa nini maziwa hayaozi, na kwa nini mti huu na si ule. Bibi alijua majibu mawili. La tatu alisema waandike wakamwulize mwalimu, naye pia angependa kuambiwa.

Maziwa ya kwanza yalikaa siku nne. Walipoyafungua, Travis alionja akatema. Walimpa mbwa, mbwa aliyewahi kula kiatu cha mchungaji, naye akanusa, akawatazama mmoja mmoja, akaenda zake. Walicheka mpaka Chepkosgei akashika ukuta. Winrose ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Haitawahi kurudi, ama?" akauliza.

"Tutaweka tena," bibi alisema.

Maziwa ya pili yaliingia kibuyuni zikiwa zimebaki siku sita. Siku sita hizo hakuna aliyeshika simu, na Chepkosgei hakukumbuka kuhesabu kilichobaki. Magoti yaliuma vilevile. Alichoka vilevile, pengine zaidi, kwa sababu Travis sasa alitaka kutengeneza kibuyu cha kwake na alikuwa amepanda mbegu sehemu saba, mojawapo ikiwa njia ya kwenda choo.

Asubuhi ya mwisho aliamka kabla yao. Alikishusha kibuyu, akakifungua, akamimina kidogo kwenye kiganja, akalamba.

Ilikuwa mursik. Haikuwa ile ya zamani kabisa, ya zamani ilikuwa na miaka yake, lakini ilikuwa mursik, chachu, laini, na moshi wa senetwet ukija nyuma taratibu. Sabuni haikuwepo. Alilamba tena ili awe na hakika, kisha akakaa kwenye kigoda na kibuyu mapajani. Kile cha mama kilikuwa kimerudi, na mikono iliyokirudisha ilikuwa bado imelala chumba cha pili. Alishukuru kwa sauti, peke yake.

Jepkemei alifika saa nne. Alikagua kitabu cha kazi za likizo, akapata sahihi ya mama yake chini ya kila ukurasa, herufi moja moja kama mtu anayepanda maharagwe, na pembeni ya mojawapo namba hamsini na sita, imeandikwa vizuri. Alikuta jedwali la sabuni. Alilisoma lote amesimama.

"Hii ni nini?"

Watoto walieleza kwa pamoja. Winrose alificha uso akifika sehemu ya sabuni ya unga. Kisha Travis akakimbia akaleta kibuyu. "Kogo, tuonje sasa. Leo ni siku ya sita."

Fomu ya camp ilikuwa inachungulia kwenye mkoba wa Jepkemei, imekunjwa mara mbili, na kalamu imechomekwa ndani yake. Chepkosgei aliiona. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kibuyu.

"Bado," alisema. "Nilionja asubuhi. Bado inanuka sabuni."

Winrose aliinamisha kichwa, na bibi yake akajuta papo hapo. Angeweza kumwambia wakiwa wawili. Angeweza kumwambia sasa hivi. Hakusema, na kunyamaza huko kulimuuma kuliko magoti.

"Ni mimi niliharibu," Winrose alisema.

"Hakijaharibika. Kinataka tu mtu wa kukifuata. Mimi peke yangu siwezi kutikisa mara mia."

Jepkemei alinyoosha mkono akachukua kibuyu. Alikuwa amelelewa kwa kibuyu hicho, alikijua kuliko alivyojua njia ya kanisa. Alifungua kifuniko, akasogeza pua, akavuta pumzi, akafumba macho kwa muda. Alipoyafumbua alimtazama mama yake, yale macho mekundu, ile mikono. Mama yake alitazama jogoo.

"Ni kweli," Jepkemei alisema. Akafunga kifuniko kwa nguvu. "Bado kabisa. Winrose, inabaki raundi ngapi?"

"Sijui, Mum. Labda tatu. Tukirudi Desemba tunaweza kumaliza."

"Basi andika Desemba."

Winrose aliandika, amepiga goti, kitabu kikiwa juu ya begi. Wakati wa kuaga, Jepkemei alimkumbatia mama yake akakawia, akamnong'oneza sikioni, "Usiimalize yote, Mum. Nami niwekee."

Walipotokomea kwenye kona ya barabara, Chepkosgei alirudi jikoni, akamimina kikombe, akanywa polepole mpaka mwisho. Nyumba ilikuwa kimya, ule ukimya alioutamani wiki tatu. Akanyoosha miguu. Kisha akakumbuka kwamba likizo ya Agosti ni wiki tatu, lakini ile ya Desemba inakaribia wiki tisa, na tisa mara saba ni sitini na tatu, na kila jioni ya hizo sitini na tatu kuna mtoto atalamba sahani na kumwuliza kesho watafanya nini.

"Mungu wangu," alisema, akajimiminia kikombe cha pili.