Kaka Alimkatalia Mchumba Wangu kwa Ajili ya Katuni

Asalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Naomba sana jina langu lisitokee, maana kaka yangu yumo humu na kila kisa hakosi kutoa maoni. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mtalaka, nina watoto wawili wakubwa wanaojitegemea. Ninaishi Gazi katika nyumba ya marehemu wazazi wetu, pamoja na kaka na mkewe, na asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Silii ninapoandika haya, wala sina hasira. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana, na kulikuwa na kijana nitamwita Salimu, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja huko Galu. Tulipendana kwa heshima zetu. Kaka yangu, nitamwita Bakari, ndiye aliyekuwa walii wangu kwa kuwa baba alikwisha kufa, na bila walii hakuna ndoa. Sikuwa na hofu hata kidogo, kwa sababu Bakari na Salimu walikuwa chanda na pete.

Kilichowaunganisha ni katuni. Pale Kona ya Musa palikuwa na banda la video, na mwenye banda alikuwa akiletewa kanda za katuni moja ya Kijapani ya mapigano, ndefu hiyo haina mwisho. Wanaume wazima na ndevu zao walijazana humo kila Jumapili. Majina ya Kijapani yaliwashinda, wakawapa ya kwao. Kulikuwa na Kipofu, aliyesikia mapigo ya moyo wa adui kabla hajanyanyua mkono, na kulikuwa na Barafu, aliyegandisha kila alichokigusa. Kaka alikuwa wa Barafu, Salimu wa Kipofu, na ubishi wao ulifika mpaka kwenye chakula chetu. Kaka alilalamika kwamba kanda nzima watu wawili wanatazamana tu, upepo unavuma, kila mmoja anamkumbuka mwalimu wake aliyekufa, na kwamba wenye katuni wanaivuta hadithi makusudi. Salimu alimjibu kuwa pambano la maana halikimbizwi. Mie nilikuwa nawapakulia wali huku nikicheka.

Basi ikafika kanda ambayo Kipofu na Barafu wanakutana. Iliishia wamesimama uso kwa uso, na kanda zilizofuata hazikuja tena. Mwenye banda akachoka kungoja, akageukia kuonyesha mpira. Ubishi wa nani angeshinda ukabaki pale bandani, na ukawa mkali. Haikupita muda wazee wa Salimu wakaleta posa, na kaka akawarudisha. Aliniambia kijana hana adabu na watu wa hoteli wana mambo mengi. Nikamwamini, kwani ningemfanya nini? Salimu alihamia Malindi bila kuniaga. Mwaka haukuisha nikaozwa Msambweni kwa mwanamume ambaye hakunipiga wala hakunipenda. Tuliishi miaka mingi tukisalimiana, kisha akanipa talaka yangu, nikarudi nyumbani.

Majuzi Salimu alikuja kwenye mazishi ya shangazi yetu. Mkewe alikwisha fariki, na ndevu zimeingia mvi. Yeye na kaka walikumbatiana, na baada ya siku chache akaleta posa tena. Safari hii kaka aliipokea kwa mikono miwili. Nami nilifurahi, sisemi uongo. Nilinunua hata leso mpya.

Alasiri moja walikuwa barazani na simu ya kaka. Wameipata ile katuni yote, wanatazama lile pambano walilolikosa. Kumbe lilikatizwa. Kipofu na Barafu waliachanishwa na hawakupigana tena katika hadithi nzima, hakuna aliyeshinda. Walicheka mpaka kaka akashika mbavu.

Kaka akasema, "Yaani ungekubali tu mbele ya watu kwamba Barafu ndiye mkali, ningekupa dada yangu siku ile ile. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," Salimu akajibu. "Ningekubali vipi, na si kweli?"

Wakacheka tena. Mie nimesimama mlangoni na sinia. Nililiweka chini, nikawamiminia chai, nikamzidishia kaka sukari kama anavyopenda. Moyoni sikusikia kitu. Watu husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, lakini hawa hata fahali hawakuwa, walikuwa mashabiki wa watu wa kuchorwa.

Kaka nilipomwuliza aliniambia ule ulikuwa utoto, na kwani sasa simpati? Kesho yake nikamwuliza Salimu, wifi yangu akiwapo.

"Na leo ungekubali?"

Nilitaka aseme ndiyo, hata kwa uongo. Alikuna kidevu, kisha akaanza kunieleza kwa upole namna Kipofu anavyosikia mapigo ya moyo, hivyo Barafu hana pa kumgusia. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Nikahi ni Ijumaa hii. Wifi anasema nisiwe mjinga, umri umekwenda, na mwanamume ni mwema, anaswali, ana nyumba yake. Yote ni kweli. Binti yangu anasema nikatae, nikae nilivyo. Hilo nalo naliona sawa. Nilipoozwa mara ya kwanza nilikuwa mwali, na kwetu kimya cha mwali ni ridhaa. Niliulizwa, nikainamisha kichwa, ikatosha. Sasa mimi ni mtu niliyewahi kuolewa, sharti nitamke kwa kinywa changu. Nimejaribu jikoni peke yangu, nikikanda unga. Ndiyo haitoki, na hapana nayo haitoki. Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Ijumaa, niseme lipi?