Sikukuu ya Kijani Iliyogeuka Matanga

Jirani yetu wa mlango wa pili, bibi mmoja wa Kiayalandi, alikuwa akiifanya sikukuu ya mtakatifu wa kwao kila mwezi wa Machi, yeye na mumewe. Ghorofa nzima tulialikwa. Tulivaa kijani, tukala kondoo na viazi, mzee akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, na mtakatifu wao hanijui, lakini katika jengo lile la Berea, mjini Durban, huo ndio mlango pekee wa Mzungu niliofunguliwa kwa kicheko.

Desemba ya mwaka wa tisini na saba mzee akafariki. Mazishi yalinikera, nasema kweli. Sala fupi, chai kwenye vikombe vidogo, kisha kila mtu akashika ufunguo wa gari lake. Kwetu aliyefiwa hujaziwa nyumba mpaka akose pa kuweka mguu. Bibi huyu aliachwa na mapazia yake. Hata mwenyekiti wa wapangaji, Mzungu wa ghorofa ya juu aliyekuwa akishinda kwa marehemu kila Jumamosi, alianza kupita mbele ya mlango ule akiangalia viatu vyake. Machi ilipokaribia, bibi akaniambia mwaka huu hakuna sikukuu.

"Basi itafanyika kwangu," nikamjibu. "Nawe utakuja."

"Nitaona," akasema, akafunga mlango.

Mume wangu aliniuliza tangu lini nikawa msemaji wa watakatifu. Lakini maji nilikwisha kuyavulia nguo, sharti niyaoge. Tena kilichonishughulisha hakikuwa sherehe hasa. Nilitaka mwanamke yule avuke korido, hatua chache tu, aingie penye watu. Akikataa safari hii, niliogopa hatatoka tena.

Nikawaalika wenzangu wa saluni mjini, Wakongomani watupu. Mwenye saluni, mama mmoja wa Bukavu, akauliza ni sikukuu gani hiyo. Nikamweleza huku nikisuka kichwa cha mteja: ni siku aliyokufa mtakatifu wao, huikumbuka kila mwaka, na mwenye shughuli hasa ni jirani yangu aliyefiwa na mumewe, nataka tumtoe upweke. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Tumesikia, dada. Tutakuja na kanisa."

Nilifurahi. Mjinga mimi.

Jumapili ya sherehe nilikuwa nimefunga riboni na maputo ya kijani, nimepika kondoo kama bibi alivyonifundisha zamani: viazi, kitunguu na chumvi, basi, huku mkono ukiniwasha kuitafuta bizari. Mlango ukagongwa. Wakaingia akina mama wa kwaya, vitenge vimefungwa viunoni, wamebeba unga, sukari na mikeka. Hakuna aliyecheka. Wanaume waliowafuata hawakuuliza mtu. Waliyabeba makochi yangu wakayatoa koridoni, wakapanga viti mpaka mlangoni kwa bibi. Akina mama wakatandika mikeka, na mmoja akaanzisha wimbo wa maombolezo chini ya maputo yangu.

"Mwenye kufiwa iko wapi?" akauliza mama wa saluni.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamekuja matangani. Nikamvuta jikoni, hasira zimenipanda.

"Dada, hii ni sherehe!"

Akaonja mchuzi wangu, akakunja uso. "Na hii chakula ni ya mugonjwa? Ulisema mutu alikufwa. Sasa tufurahi namna gani na bado hatujalia?"

Nikarudisha kifuniko cha sufuria.

Kelele za viti zilimtoa bibi. Akasimama mlangoni mwake na sweta ya kijani, vifungo vimepishana. Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa saluni akanipita, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama."

Nyuma yake mwingine, na mwingine, kila mmoja na mkono wake na pole yake.

"Wanasema nini?" bibi akaniuliza kwa Kiingereza.

"Wanakupa pole ya mzee."

Wakamvusha korido taratibu, wakamkalisha kitini kwangu, katikati ya mikeka.

"Muulize bwana yake alikufwa na nini," mama wa saluni akaniambia. "Atuelezee."

Nikasita. Kwa Wazungu wa jengo letu jambo hilo haliulizwi. Kwetu kutouliza ndiyo dharau. Nikauliza.

Akaeleza. Kikohozi, hospitali, asubuhi ile mzee alipoomba chai na chai ilipofika akawa amekwenda. Alilia kwa sauti, na wanawake wasiojua Kiingereza wakalia naye. Kisha akajipangusa, akacheka. Kijijini kwao, alisema, maiti hulazwa sebuleni na majirani hukesha hapo, wakinywa chai, wakilia, wakitaniana. Tangu aje Durban hakuwa ameona watu wakifanya hivyo. Mimi niliyehangaika na maputo sikuwahi kulijua hilo.

Nilipowatafsiria, mama wa saluni akapiga makofi. "Unaona? Hawa ni watu!"

Nyimbo zikageuka za shangwe. Sufuria yangu ikatiwa pilipili bila ruhusa, na bibi akaomba aongezewe. Mume wangu akacheza. Nilijiona mshindi, wala sikujificha. Nilipita na sinia huku kiuno kikiyumba.

Ndipo mwenyekiti, niliyempa mwaliko pia, akateremka, kofia ya kijani kichwani, chupa kwapani. Alipomwona bibi na macho yake mekundu, akageuka aondoke. Mama wa saluni akamziba njia.

"Eish, papa, ingia mu laini. Sema pole."

Akasukumwa kama mtu wa foleni mpaka mbele ya kiti cha bibi. Akavua kofia. Maneno ya kwao yakakataa kutoka, akashika lile alilopewa.

"Pole," akasema. "Pole sana."

Bibi hakumwachia mkono. "Kaa," akamwambia. "Wewe hukuwapo."

Akaanza habari ile upya, tangu kikohozi, na sisi tuliokwisha kuisikia tukakaa mikekani tuisikie tena.