Albamu mpya ya "Nafula" wa Japani inaanza na mashine ya kuchuna chai, ikabidi nimsikizishe mathe

Wakuu, mko salama huko?

Huku Kiptere, Kericho, mvua imeshika tangu mchana, wateja wamejificha, na mimi niko kwa kibanda changu cha kurepair simu na chai ya thermos. Nimekaa na hii story kwa roho siku mingi. Leo naitoa.

Nitasema vile ilitokea. Chumvi nimeachia jikoni. Na nyinyi ndugu zetu wa Bongo mtuvumilie, Kiswahili chetu cha huku juu mnakijua, mambo ya ngeli tuliachia mtihani.

Iko hivi.

Mimi ni fan wa mwimbaji mmoja wa pop wa Japani. Ndio, Japani. Cheka umalize tuendelee.

Jina lake la ukweli sitaandika, maana mashabiki wake wakilisearch watanijia hapa na vita. Nitamuita Nafula. Hilo jina alipewa na mathe, yaani mamangu, na nitawaambia sababu.

Nilikuwa form two, boarding. Classmate wangu Kibet alirudi kutoka likizo na flash disk imejaa cartoon za Kijapani. Cartoon zenyewe sikuzipenda sana, watu wanapiga kelele mno kabla ya kupigana. Lakini moja ilikuwa na wimbo wa mwisho, ule wa kufungia. Msichana anaimba polepole, sauti nyembamba, na nyuma unasikia mvua ikinyesha.

Sikuelewa hata neno moja. Na nilitaka kulia kwa bweni mbele ya wanaume.

Nikirudi nyumbani nikaja na huo wimbo kwa simu. Wakati huo tulikuwa tunaishi kambi ya estate, shamba la chai la kampuni, nyumba za laini, chumba kimoja na pazia katikati. Mathe alikuwa mchunaji. Babangu alishafariki. Kwa hivyo nikicheza wimbo, mathe anasikia, apende asipende.

Akaniuliza, "Huyu mtoto wa nani analia kwa mvua?"

Nikamwambia ni Mjapani.

"Basi huyo ni Nafula," akasema.

Kwetu Wabukusu, msichana akizaliwa wakati wa mvua ni Nafula. Mimi ni Simiyu, nilizaliwa kiangazi. Mathe akaona mambo yamekaa sawa, amepata binti. Tangu siku hiyo ni Nafula. Ameimba nini tena Nafula. Nafula ameolewa ama bado. Wakati mwingine akisonga ugali ungemsikia anaimba ile chorus na maneno yake mwenyewe ya Kibukusu, mambo ya kuku na jirani, na tune ameshika vizuri kabisa.

Miaka imeenda, watu wamekuja na Amapiano na nini na nini, mimi bado niko na Nafula. Kibet mwenyewe aliacha mambo ya Japani kitambo, siku hizi ni mtu wa country music kama Wakalenjin wote wa rika lake. Kibanda chake cha M-Pesa kiko karibu na changu na kila asubuhi tunashindana na spika.

Sasa, Nafula alinyamaza. Hakuna wimbo, hakuna picha, kimya miaka kadhaa. Wengine wakasema ameacha muziki. Halafu mwaka huu, bila kelele, tangazo: albamu mpya.

Kwao zinatoka usiku wa manane. Ukipiga hesabu, kwetu hapo ni saa kumi na mbili jioni, mtu ameshafunga kazi. Mungu anapenda mashabiki wa Kericho.

Mimi niko na sheria zangu za albamu mpya. Hakuna kusoma comments kwanza. Hakuna kuruka wimbo. Unaanza wa kwanza unaenda mpaka wa mwisho, earphones kwa masikio, simu ya mtu hupokei. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Kibet akaniangalia akaniuliza, "Unaenda kupokea bibi wapi?"

Nikaketi kitandani. Nikabonyeza.

Wakuu, nilikuwa nangoja piano. Ama mvua.

Ikaja injini.

Injini ndogo ya petroli, ile inakohoa kwanza halafu inashika. Halafu juu yake sauti ya wembe ukikata majani, mfululizo, na upepo wa kusukuma majani kwa mfuko.

Mtu wa Nairobi angefikiria ni lawn mower. Mimi nilijua hata kabla haijashika vizuri. Hiyo ni mashine ya kuchuna chai, ile ya watu wawili. Mmoja anashika upande huu wa mstari wa chai, mwingine upande ule, wanatembea pamoja nayo juu ya majani.

Wacha niwaeleze kwa nini nilitoa earphones.

Mashine kama hizo zilipoingia kwa estate yetu, wachunaji wengi walienda nyumbani. Mathe alikuwa mmoja wao. Alikuwa amechuna hapo tangu kabla nizaliwe, vidole vyake mpaka leo viko na ule weusi wa utomvu wa chai ambao sabuni haitoi. Na kazi ikiisha, nyumba pia inaisha, maana nyumba ni ya kampuni. Nakumbuka tukibeba godoro na sufuria, na mbali kule kwa shamba unasikia hiyo sauti, hiyo hiyo, injini inanguruma. Mathe hakulia. Alisema tu, "Twende, isije ikanyesha."

Sasa hiyo sauti iko kwa masikio yangu, na anayenipatia ni Nafula.

Nilihisi kama mtu wa nyumbani amenicheka. Si hasira ya kutukana, ni ile ya kunyamaza.

Sikuendelea na albamu. Nikaenda kwa page ya mashabiki, nikapata wanasifu. Mmoja anasema hiyo intro inamfanya alale vizuri. Mwingine anasema ni sauti ya amani ya mashambani. Nikaandika jibu refu, kali, nikalifuta. Ningewaambia nini? Hawajui Kericho iko wapi.

Siku zikaenda. Mathe ndiye aliona. Tunaishi plot moja, yeye nyumba yake na mimi yangu, tunakula pamoja. Siku hizi anachuna kwa mkono kwa mashamba ya majirani hapa Kiptere, ako na kuku wake na ng'ombe mmoja mjeuri, na kusema ukweli ako sawa. Ameweka mwili kidogo. Anacheka.

Akaniuliza, "Simiyu, si ulisema Nafula amerudi? Mbona kumenyamaza hivi? Amekosana na nani?"

Nikasema network.

"Network gani, na jana uliangalia mpira mpaka nikachoka na kelele?"

Hapo ndio nilijua niko kwa shida. Nilikuwa naogopa mambo mawili. Moja, kumpoteza huyu mwimbaji, na ni yeye amenivusha shule, akanivusha kambi, akanifikisha mpaka hapa. Pili, na hii ndiyo kubwa, kuleta hiyo injini kwa nyumba ya mathe. Alitoka kwa hiyo sauti akiwa ameinua kichwa. Mimi mtoto wake ndio niirudishe na spika?

Jumamosi nikaamua wacha nisikize albamu, lakini wimbo wa kwanza nauruka. Sheria nimevunja, niko tayari kushtakiwa.

Na wakuu, kwa haki, hii ndiyo kazi yake nzuri zaidi.

Sauti imeshuka. Ile nyembamba ya mtoto wa mvua haiko, sasa anaimba kama mtu ameshalipa rent na amezika watu. Wimbo wa pili uko na bass inatembea taratibu, nimeurudia mpaka Kibet akaja kuuliza ni ya nani. Wa nne uko na tarumbeta, unachezeka hata harusini Bomet. Kuna mmoja katikati unasikia kabisa umetengenezwa kwa sababu ya tangazo la soda ama kitu kama hiyo, huo nauacha kwa wenye soda. Ule wa karibu mwisho ni sauti yake na gita peke yake, anasahau kuvuta pumzi mahali fulani na hawakuirekebisha. Nilipenda hapo sana.

Ilipoisha nikasema, mtu wa kuimba hivi hawezi kuwa aliweka ile mashine hivi hivi tu. Nikatafuta maneno ya wimbo wa kwanza. Kuna shabiki huwa anatafsiri kwa Kiingereza.

Kumbe Nafula anatoka mahali pa chai. Miaka hii yote sikujua. Huyo mtu sauti yake imekaa kwetu, kwa laini za chai, na yeye mwenyewe amelelewa kwa chai.

Wimbo ni wa babu na nyanya yake. Shamba ni lao, dogo, la mlimani. Watoto wote walienda mjini, mpaka yeye mjukuu. Wazee wakabaki wakichuna na mashine, babu upande huu, nyanya upande ule. Anasema wakikosana asubuhi, chai inakatwa upande upande, kijiji kizima kinajua. Halafu babu akafa. Na mashine ya watu wawili haibebwi na mtu mmoja. Kwa hivyo Nafula akaacha kuimba, akarudi nyumbani kushika upande wa babu.

Ndiyo ile miaka alikuwa amenyamaza. Na ile injini kwa wimbo ni yao, yeye na nyanya yake wakiwa kazini.

Nikarudi kwa wimbo wa kwanza, nikausikiza wote.

Jumapili baada ya kanisa, mathe alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Mama, kuna wimbo wa Nafula nataka usikie. Lakini unaanza na kitu hutapenda."

"Mimi nimesikia wewe ukiimba, Simiyu. Weka."

Nikaweka. Injini ikakohoa, ikashika.

Mikono yake ikasimama ndani ya maharagwe.

"Zima," akasema.

Nikazima mara moja. Wakuu, nilijiona mjinga.

Akauliza bila kuniangalia, "Hiyo wametoa wapi?"

Nikamweleza yote. Shamba la mlimani, watoto kwenda mjini, babu, nyanya, Nafula kurudi. Hakunikatiza hata mara moja, na mathe ni mtu wa kukatiza.

Nikimaliza akaweka maharagwe chini. Halafu, "Weka tena. Usizime."

Tukasikiza mpaka mwisho. Injini ikiisha kuna mahali unasikia mwanamke mzee anasema kitu kifupi, anacheka, halafu Nafula anaanza kuimba. Mathe aliinama mbele kusikia huyo mzee.

"Kwao hakuna watu wa kuchuna?"

"Vijana walihama. Wamebaki wazee."

Akachukua maharagwe tena. "Basi kwao mashine ilikuja watu wakiwa wameisha. Sisi ilitukuta tuko, tena na watoto mgongoni."

Nikasema ndio.

"Mimi hiyo mashine siipendi, na sitaipenda. Lakini huyo kukhu hakunifuta kazi." Kukhu ndio nyanya kwetu. Akatupa maharagwe mabovu kwa kuku. Halafu akauliza swali ambalo limenikalia mpaka leo.

"Na sasa Nafula akirudi kuimba, huyo kukhu atashikiwa na nani upande ule mwingine?"

Sikuwa hata nimefikiria. Mimi nilikuwa nimefurahi kwamba mwimbaji wangu amerudi, nikasahau kwamba kurudi kwake ni kumwacha mtu na mashine.

Siku hizi nikifika nyumbani jioni ananiambia weka ile ya kukhu. Injini inanguruma ndani ya nyumba ya mathe, na yeye anapika. Sikuwahi kudhani ningeandika hiyo sentensi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kitu kinaweza kukuumiza wewe na kiwe kimembeba mwingine, na nyote wawili mnasema ukweli. Na usimfichie mzazi jambo kwa kudhani atavunjika. Mathe alishavunjika, akaungika tena, na hakuniomba ruhusa.

Albamu naipa tisa kwa kumi. Moja nimetoa ni ya ule wimbo wa soda. Wale wa "leta picha", hakuna picha.

Lakini wakuu, sikuja hapa kwa sababu ya marks. Najua humu kuna watu wamesomea Japani, kuna wameoa huko, kuna wanauza magari ya huko. Niliandika swali la mathe kwa page ya Nafula, simu ikanitafsiria kwa Kijapani. Watu waliweka mioyo mingi. Jibu hakuna.

Kwa hivyo kama kuna mwenye anajua ama anaweza kuuliza, karibu hapo chini, andika hata mstari mmoja. Nani anamshikia yule mama mzee? Mathe ananiuliza kila siku, na kisingizio cha network amekataa.