Mtani Aliyeomba Gambuti

Severini ni Mmakonde, mimi Mmwera, watani wa jadi, kwa hiyo tangu ahamie Rutamba sijawahi kumsalimia kistaarabu. Mimi humwita mtumwa wangu, naye huniuliza nitazikwa lini. Kila msimu wa kupulizia mikorosho alijifunga puani kanga ya mkewe, Natalia, ili asivute salfa, nasi tukimcheka mpaka machozi. Yeye alirudi nyumbani mzima. Sisi wenye vifua vya chuma tulikohoa mpaka korosho zikaanza kuanguka.

Mafuriko yalipoingia shuleni, mwenyekiti wa kijiji alinipa mimi kazi ya kusimamia usafi. Watu wa misaada walituachia jozi thelathini za gambuti. Nikazifungia stoo. Ijumaa wageni wangekuja kuzikabidhi rasmi, nami nilitaka wazikute mpya, hazijagusa tope. Upumbavu gani huu! Lakini siku ile niliuona ni adabu kwa wageni.

Jumatano Severini alisimama mlangoni mwa darasa. Tope lilifika magotini, na mabati ya paa yalikuwa yamezama humo.

"Mtani, nipe gambuti. Humu mna misumari."

"Mmakonde na viatu wapi na wapi? Unyayo wako huo, msumari ukiuona unajipinda wenyewe!"

Wote wakaangua kicheko. Naye akacheka, maana mtani hanuni. Lakini uso wake niliuona, hakuwa akitania. Niliuona, na bado nikageuka nikaenda zangu. Akakunja suruali, akaingia.

Kabla ya adhuhuri bati lilimpasua unyayo. Alhamisi mguu ulivimba. Ijumaa tulipiga picha na wageni, gambuti zinang'aa. Wiki iliyofuata, hospitalini Lindi, wakamkata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona na machungwa. Natalia alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Shemeji Yassini," akaniuliza, "hivi gambuti hazikuwepo kabisa?"

Severini akajibu yeye.

"Zilikuwepo, mama Fortunata. Alinipa, nikakataa mwenyewe. Zilinibana."

Hakunitazama. Nilipaswa kusema palepale kwamba si kweli, kwamba aliniomba nami nikamfanyia mzaha. Aibu ikanifunga mdomo, nami nikaiacha inifunge.

Natalia akamgombeza mumewe kwa ukaidi wake, huku analia. Kisha akayapokea machungwa yangu kwa mikono miwili, akasema nina utu.