Kidole Gumba cha Fundi Saa

Kwa siku tatu Fundi Saa alikuwa akiumwa na jino. Jino lenyewe lilikuwa zima kabisa, lakini mtu anayesukutua maji ya chumvi haulizwi maswali, na Fundi Saa hakutaka kuulizwa. Asubuhi alisukutua nyumbani mbele ya mkewe. Mchana alisukutua kazini, kwenye duka la kinyozi, ambamo alikodi kona moja yenye meza, taa ya kuinama na droo ishirini na nne za vipuri. Alikuwa amekaa humo miaka kumi na tisa, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, na mtaa mzima ulirekebisha saa zake kwa kuangalia ile yake ya ukutani. Kengele ya shule ikipishana nayo, ilirekebishwa kengele.

Ndiyo maana akapewa saa ya ligi ya mpira wa kikapu. Angepewa nani mwingine? Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe: mpira ukiguswa, saa ianze, filimbi ikilia, saa isimame. Misimu saba hakuwahi kukosea, na mtu asiyewahi kukosea hana mazoezi ya kukosea.

Jumamosi, katika mechi ya nne ya mchujo, alikosea.

Timu ya mtaa iliongoza kwa pointi moja dhidi ya timu ya kiwanda cha sabuni. Ilibaki sekunde moja na ushei, mpira ukiwa wa Wasabuni, wa kurushwa kutoka pembeni. Nyota wao, jitu waliloliita Mlingoti, akainua mikono apokee. Sasa, fundi saa humtazama mtu kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumtazama usoni. Ni ugonjwa wa kazi. Akaona pale kwenye kifundo cha Mlingoti alama ya saa iliyovuliwa: utepe mpana wa ngozi ambayo haijaonja jua. "Hiyo si saa ya kitoto," akawaza. "Hiyo ni ya zamani, ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, yenye mkanda wa..." Alipofika kwenye mkanda, Mlingoti alikuwa ameshaudundisha mpira mara moja. Kidole gumba kikashtuka, kikabonyeza. Mlingoti akageuka, akamhadaa beki, akaruka, akaachia. King'ora kikalia mpira ukiwa hewani. Ukaingia. Refa akakubali kikapu, kwa sababu refa hufuata king'ora.

Kwa hiyo kila timu ikawa imeshinda mechi mbili, na mechi ya tano, ya kukata mzizi wa fitina, ikapangwa Jumatano saa kumi, refa yuleyule. Huyo refa alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa pia kaka wa mkewe Fundi Saa.

Jumanne dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Kwenye kiti cha kinyozi alikaa fundi wa matairi, ambaye kwa kupenda kubishana waliishia kumwita Wakili. Alikuwa na povu kidevuni, shuka shingoni, na juu ya mapaja kile chuma chake cha kufungulia tairi, ambacho hakukiacha hata akienda kunyolewa. Karibu na mlango alisimama Nesi, amekuja kuchukua saa yake ya kubandika kifuani.

"Mlingoti ni mrefu tu," Wakili alisema, akichezesha midomo kwa tahadhari chini ya wembe. "Urefu si kipaji, ni mfupa. Kipaji ni Kijiko wetu."

"Kijiko wenu alikosa mitupo huru minne," Nesi akamjibu.

"Refa alishamvuruga kichwa, dada! Ile faulo ya tatu ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye kiwiko cha Kijiko, ikaingia kwenye pua ya mtu. Nimeishona mimi ile pua. Nyuzi tatu."

"Nyuzi tatu si ushahidi."

"Nenda kamwambie mwenye pua."

Watu wakacheka. Fundi Saa naye akacheka, akachelewa kidogo, na kule kuchelewa kukamtia jasho la mgongo. Akainamia zaidi saa iliyokuwa mbele yake. Mtu mwenye kioo jichoni haoni nyuso, na alijaribu kuamini kwamba nyuso nazo hazimwoni.

"Ushahidi huu hapa," Wakili akatoa simu chini ya shuka. "Fundi! Tupe ile saa yako ya kupimia sekunde."

Kati ya vitu vyote vilivyokuwamo katika droo ishirini na nne, wakamwomba hicho. Akaitoa. Wakapima video mara tatu, kuanzia Mlingoti anapogusa mpira hadi king'ora. Mara zote tatu ilitoka sekunde mbili na nusu.

"Fundi, wewe ndiye uliyekuwa mezani," Wakili alisema. "Tuambie bila kumwonea haya mtu. Saa ilikuwa na ubovu?"

Kinyozi akainua wembe.

"Saa ilikuwa nzima," Fundi Saa akasema.

Ilikuwa kweli tupu, na akatamani kuitapika.

"Mmesikia! Saa nzima, na fundi tunamjua. Basi mkono wa refa ndio uliochelewa. Si ndiye anayeshusha mkono kuashiria saa ianze? Kauchelewesha makusudi. Kesho mimi namngoja mlangoni. Si mtu wa fujo mimi, nina swali moja tu."

"Na hicho chuma?" Nesi akauliza.

"Hiki ni cha kusisitizia."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, na hao wachache ndio waliomtisha Fundi Saa kuliko walionyamaza.

Hapo ndipo mwalimu mwenyewe akaingia. Alikuwa na shati safi na leso imefungwa mkono wa kushoto. Akatoa salamu, akaitikiwa na feni ya dukani peke yake. Akapita katikati yao hadi kwenye kona, akaweka saa yake mezani. Kioo kilikuwa kimepasuka.

"Kioo tu, shemeji."

"Umeanguka?"

"Jiwe ndilo lililoanguka. Mimi nilikuwa njiani kwake." Kisha akashusha sauti. "Kesho dada abaki nyumbani na watoto. Asije uwanjani."

"Na wewe?"

"Mimi nimepangiwa."

Fundi Saa akamsogelea. "Shemeji, mkono wako ulishuka kwa wakati."

"Najua."

"Unajua?"

"Nafundisha hesabu. Nilitoa saa, nikatoa mkono wangu, kikabaki kidole chako."

"Mbona hukusema?"

"Jiwe likija kwangu, nakaa peke yangu. Kwako kuna watoto." Akaitazama ile bilauri ya maji ya chumvi. "Jino linaendeleaje?"

Fundi Saa akakitoa kioo jichoni. Duka likawa kubwa ghafla, na kila mtu akawa na uso. Akasimama.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?" Wakili akauliza.

"Nilichelewa kubonyeza. Niliona alama ya saa mkononi mwa Mlingoti, nikaanza kuifikiria."

Kikazuka kicheko kikubwa, cha Wakili kikiwa cha kwanza. "Kaa chini, Fundi! Tumekuelewa. Shemeji ni shemeji. Lakini uongo nao una fundi wake, na si wewe."

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutosadikiwa. Angeweza kuketi sasa, na moyo wake wote ulimsihi aketi. "Angalieni video tena," akasema, sauti imekonda kama mshale wa sekunde. "Msiangalie mpira. Angalieni pembeni."

Nesi ndiye aliyeichukua simu. Akaangalia mara moja, akarudisha, akaangalia tena.

"Mkono wa refa umeshuka pale pale mpira ulipoguswa," akasema polepole. "Na huyu hapa mezani, aliyeachama mdomo kama amwonaye bibi harusi, ni nani?"

Simu ikazunguka. Siku tatu waliitazama ile video, na hakuna aliyewahi kuangalia kitu kingine zaidi ya mpira.

Wakili akainuka, nusu ya kidevu ikiwa na povu, chuma mkononi. Akaja kwenye kona. Fundi Saa alihesabu hatua: tano. Chuma kikatua mezani na skrubu ndogondogo zikaruka kama zimeitwa.

"Saa yangu," Wakili akasema.

Fundi Saa akampa ile aliyokuwa ameileta kutengenezwa. Wakili akaiweka sikioni. Kisha, jambo ambalo halijatokea humo kwa miaka kumi na tisa, akaipa mgongo saa ya ukutani, akafungua simu yake, na akalinganisha.

"Mwalimu, kesho mlangoni utapita bila swali," akasema. Akaokota chuma. "Fundi, sisi tutaonana." Akatoka na povu lake.

Mmoja mmoja wakaja kuchukua saa zao, zilizotengenezwa na zisizotengenezwa. Hakuna aliyemtukana; angefarijika kama wangemtukana. Kila kivuli kilichopita mlangoni alikiona kimebeba chuma.

Nesi akawa wa mwisho. Akapokea saa yake ya kifuani, akaipindua. "Hii napimia watu mapigo ya moyo, Fundi. Siwezi kuwa na ya kubahatisha. Lete mkono."

Akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye mshale wa sekunde. Mwalimu akasimama kando yao, akingoja.

"Thelathini na tatu kwa robo dakika," Nesi akasema.

"Mia na thelathini na mbili kwa dakika," mwalimu akasema.

Nesi hakuuachia mkono. "Ama saa hii ni mbovu, Fundi, ama wewe unaogopa."

Fundi Saa akautazama mlango.

"Saa ni nzima," akasema.